Ndoa ya Betty Swetman: jinsi aibu inavyobadilika katika jamaa ya wakulima wa Uingereza

Waliosoma riwaya ya Thomas Hardy iitwayo Tess of the d'Urbervilles, iliyotoka mwaka 1891, wanaukumbuka mwanzo wake. Mchuuzi masikini wa kijijini anarudi nyumbani jioni, anakutana njiani na mchungaji mpenda historia, na mchungaji anamwambia, kama mzaha tu, kwamba yeye ni wa ukoo wa mabwana wakubwa wa zamani. Mzaha huo ndio unaoiangusha nyumba yake. Baba analewa kwa fahari, farasi wa pekee anakufa, binti anatumwa kwenda kudai ujamaa kwa watu ambao hata si wa ukoo ule. Darasani tunasema ni ufundi wa mwandishi wa kuanzisha hadithi. Ni wachache wanaouliza Hardy alijifunzia wapi kwamba kuuchimbua ukoo ni kazi ya hatari. Alijifunzia nyumbani kwao.

Nia yangu hapa ni kueleza jinsi historia ya jamaa ya wakulima wa Uingereza inavyofuatiliwa katika hati, hasa pale jamaa yenyewe inapokumbuka nusu na kunyamazia nusu. Nitatumia jamaa moja, ile ya mama yake Hardy: akina Swetman na akina Hand wa kijiji cha Melbury Osmond, kaskazini magharibi mwa jimbo la Dorset. Habari zao zimechapishwa na kuchunguzwa kwa miaka mingi, kwa hiyo hatuvunji mlango wa mtu. Tena zinaonyesha jambo ambalo wanafunzi wa fasihi hulipita haraka: aibu haikai mahali pamoja. Kilichomtia baba aibu mwaka 1804 sicho mjukuu alichokificha miaka mia moja baadaye, na anayetafuta siri ya jamaa bila kujua hilo atachimba mahali pasipo na kitu.

Tuanze na yale ambayo jamaa ilipenda kuyasimulia. Akina Swetman walikuwa wakulima wenye ardhi yao, si vibarua, na walijiona watu wa zamani pale kijijini. Hadithi yao kubwa ilikuwa ya mwaka 1685, wakati Duke wa Monmouth alipoasi dhidi ya mfalme James II na jeshi lake likavunjwa Sedgemoor. Jamaa ilisimulia kwamba vita vile vilifika mpaka nyumbani kwao, na kwamba mabinti wa nyumba ilibidi wajifiche wasionwe na askari. Hardy aliichukua habari ya aina hiyo akaitia katika hadithi fupi, The Duke's Reappearance, ya mwaka 1896, ambamo mgeni wa ajabu analala kwa mkulima aitwaye Swetman, na mkulima anabaki akishuku kwamba alimhifadhi Duke mwenyewe, na kwamba labda Duke hakufa. Historia haina shaka hiyo: Monmouth alikamatwa siku mbili baada ya vita na kukatwa kichwa London tarehe 15 Julai 1685.

Mtafiti hapaswi kuicheka hadithi ya namna hii. Haituambii chochote cha kuaminika juu ya Duke, lakini inatuambia mengi juu ya waliokuwa wakiisimulia. Jamaa iliyokuwa ikipoteza ardhi yake kidogo kidogo ilishikilia usiku mmoja ambapo mtu mkubwa aligonga mlango wao. Waingereza wengi wa vijijini wana usiku kama huo katika ukoo wao: mfalme aliyejificha, bwana aliyemzalisha bibi wa bibi, shamba lililoibwa kwa hati ya uongo. Mara nyingi jina kubwa ndilo lililobuniwa, na maumivu yaliyo chini yake ndiyo ya kweli.

Sasa Betty. Elizabeth Swetman, waliyemwita Betty, alizaliwa mwaka 1778. Kwa masimulizi ya jamaa alikuwa binti aliyependa vitabu, na aliolewa na George Hand, mtu wa hali ya chini ambaye baba yake Betty hakumtaka hata kidogo. Baba alimkatia urithi wala hakumsamehe. Hivyo ndivyo Hardy alivyoiacha habari hii katika kitabu cha maisha yake, kile kilichotoka katika sehemu mbili mwaka 1928 na 1930 kwa jina la mke wake wa pili, Florence, ingawa leo inajulikana kwamba karibu chote alikiandika mwenyewe. Ni habari nzuri. Ina mapenzi, ina baba mkali, ina msichana jasiri. Inakosa kitu kimoja tu, nacho kiko katika rejista ya kanisa: Betty na George walifunga ndoa mwishoni mwa Desemba 1804, na wakati huo Betty alikuwa karibu kabisa kujifungua.

Hapa wasomaji wengi wanaruka na kusema, basi, siri ndiyo hii. Tungoje kidogo.

Waliochunguza rejista za parokia nyingi za Uingereza wameona kwamba karibu mwaka 1800 sehemu kubwa ya mabibi harusi, theluthi moja na zaidi, walikuwa na mimba siku ya ndoa. Kijiji kilijua hivyo, mchungaji alijua, na mradi ndoa ilifungwa kabla ya mtoto kutoka, hakuna aliyeshangaa. Kwa hiyo mimba ya Betty peke yake haikuwa jambo la kuvunja ukoo. Kilichomchoma John Swetman kilikuwa mwanamume mwenyewe: hana ardhi, hana jina, na sasa anaingia katika nyumba ya wenye shamba. Na sheria ilimwacha baba bila nguvu. Tangu sheria ya ndoa ya mwaka 1753, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ndoa ilitakiwa kutangazwa kanisani Jumapili tatu au kufungwa kwa kibali maalum, na wazazi waliweza kuizuia ikiwa mtoto wao hajatimiza miaka 21. Betty alikuwa na 26. Baba hakuweza kuzuia kitu kanisani. Silaha iliyombakia ilikuwa wosia.

Sasa weka pamoja maelezo ya Hardy na rejista. Mzee Hardy anatoa bila wasiwasi ile iliyokuwa aibu ya kweli mwaka 1804, yaani mwenye shamba kuozesha kwa masikini, kwa sababu katika siku zake hiyo imekwisha kuwa hadithi tamu ya mapenzi. Anachofunika ni mimba, iliyokuwa kitu cha kawaida mwaka 1804 lakini isiyotajika mbele ya wageni katika nyumba ya mwandishi aliyetunukiwa nishani ya Order of Merit mwaka 1910. Hakudanganya. Alichagua kulingana na haya ya wakati wake, na bila kujua alituachia kipimo cha kuona haya ile ilivyohama.

Kitu cha tatu alikifunika zaidi ya mimba, nacho ni umasikini. George Hand alikufa mwaka 1822, Betty akabaki na watoto saba na akaishi kwa msaada wa parokia. Chini ya sheria ya masikini ya mwaka 1601, kila parokia ililisha masikini wake kwa kodi iliyotozwa kwa wenye mali wa pale pale, na msimamizi wa masikini aliandika kila senti katika daftari: mkate, viatu, kuni, jeneza. Fikiria maana yake. Binti wa Swetman analipiwa viatu vya watoto wake na majirani waliokuwa sawa na baba yake, na viatu hivyo vinasomwa katika hesabu. Mmoja wa watoto hao alikuwa Jemima, aliyezaliwa mwaka 1813, mama yake Thomas Hardy. Kitabu cha maisha kinasema tu kwamba katika ujana wake aliona taabu ambazo hata utuuzimani hakuweza kuzitaja bila uchungu. Sentensi moja. Daftari la msimamizi wa masikini ndilo linaloweza kuifungua.

Ndiyo sababu wanaofuatilia jamaa za wakulima hawaanzii kwenye barua za mapenzi. Wanaanzia kwenye hesabu. Parokia haikuwa na hamu na heshima ya msichana yeyote. Ilitaka kujua nani atalipa. Sheria ya mwaka 1733 ilimruhusu mwanamke mwenye mimba bila ndoa kumtaja baba wa mtoto mbele ya hakimu, na mwanamume aliyetajwa alilazimika kuweka dhamana ya kulilinda daftari la parokia, la sivyo akafungwa gerezani. Ndoa ilikuwa njia ya tatu, na ilipendwa na parokia kwa kuwa ni ya bei nafuu. Kutokana na sheria hiyo zimebaki hati nyingi sana za mahojiano na dhamana, na kwa mtafiti wa leo ni hazina, kwa sababu zinamtaja baba ambaye rejista ya ubatizo haimtaji. Lakini zisomwe kama wanafunzi wa lugha wanavyosoma. Msichana alihojiwa, karani aliandika kwa lugha ya mahakama, kwa nafsi ya tatu, kama mkondo mmoja. Tunaona majibu, maswali yamefutwa. Hatujui kama alisema jina lile mara ya kwanza au baada ya saa tatu za kutishwa. Kutoka mwaka 1834 sheria mpya ya masikini ilimtupia mama mzigo karibu wote, na hati za namna hiyo zinapungua. Wasichana hawakuwa wameacha kuzaa. Parokia ndiyo iliyokuwa haina tena sababu ya kuuliza.

Niseme kidogo juu ya rejista zenyewe. Ziliamriwa mwaka 1538 na Thomas Cromwell, waziri wa Henry VIII: kila kanisa liandike ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1598 ikaamriwa kwamba nakala ipelekwe kwa askofu kila mwaka, na nakala hizo zimeokoa mengi pale panya na maji vilipokula kitabu cha asili. Kuanzia 1754 wachumba wanatia sahihi au alama ya msalaba, na kuanzia 1813 kuna fomu zilizochapwa zenye nafasi ya kazi na makao. Serikali yenyewe ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837. Rejista nyingi za Dorset leo ziko Dorchester, katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Sensa inafanywa kila miaka kumi tangu 1801, lakini ile ya 1841 ndiyo ya kwanza yenye majina ya watu kwa nchi nzima, na hufungwa kwa miaka mia moja. Ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ya 1931 iliungua mwaka 1942, na mwaka 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Aliyewahi kutafuta karatasi moja katika ofisi ya komini atawaonea wivu Waingereza, na pia atacheka kuona kwamba hata kwao moto unajua kuchagua.

Katika hati hizi zote, mtego mkubwa ni lugha, na hapo ndipo sisi tuna nafasi kuliko wanahistoria. Neno "cousin" katika wosia wa karne ya 17 laweza kumaanisha ndugu yeyote, hata mtoto wa dada. "Son-in-law" mara nyingi ni mtoto wa kambo. Dickens bado anatumia "mother-in-law" kwa mama wa kambo katika The Pickwick Papers. "Mrs" mbele ya jina la binti ambaye hajaolewa si siri ya ndoa iliyofichwa, ni alama ya heshima ya tabaka. Na "natural son", ambalo tunalijua kama jina la mtoto wa nje ya ndoa, zamani liliweza kumaanisha mtoto wa kuzaa, tofauti na wa kulea. Kuna watu wamejipatia babu haramu kwa kutojua kivumishi kimoja.

Mtego wa tarehe ni mbaya zaidi. Mpaka mwaka 1752, mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Rejista ikisema kwamba watu walioana Mei 1720 na mtoto wao akabatizwa Februari 1720, mgeni anaona mtoto aliyetangulia ndoa kwa miezi mitatu. Kumbe Februari ile ilikuja baada ya Desemba ya mwaka uleule, sisi tungeiita Februari 1721, na mtoto ana miezi yake tisa kamili. Kashfa nzima imetoka katika kalenda. Na pale penye kashfa ya kweli, kalenda hiyohiyo inaikubali bila kelele: Jemima Hand aliolewa na mwashi Thomas Hardy tarehe 22 Desemba 1839, kule kule Melbury Osmond, na mwandishi wetu akazaliwa tarehe 2 Juni 1840 huko Higher Bockhampton. Miezi mitano na siku chache. Binti alirudia njia ya mama yake, hata mwezi ni ule ule wa Desemba. Mtu yeyote mwenye vidole angeweza kuhesabu, lakini kitabu cha maisha kinamwonyesha mtoto dhaifu aliyedhaniwa amekufa na kuokolewa na mkunga, na wasomaji walimtazama mkunga wakasahau kuhesabu.

Kwa nini basi kuzaliwa, kufa na kuoana vilikuwa na uzito mkubwa hivyo kwa watu wa shamba? Kwa Dorset jibu moja ni namna ya kukaa kwenye ardhi. Wengi hawakuwa wenye ardhi kama Swetman wala wapangaji wa mwaka kwa mwaka kama vibarua. Walikaa kwa uhai. Mwenye ardhi aliandika katika mkataba majina ya watu, mara nyingi watatu, na mradi mmoja wao alikuwa hai, jamaa ilikuwa na haki ya nyumba na bustani. Akifa wa mwisho, vyote vilirudi kwa mwenye ardhi, pamoja na nyumba ambayo jamaa iliijenga kwa mikono yake. Nyumba aliyozaliwa Hardy ilijengwa karibu mwaka 1800 na baba wa babu yake kwa mpango wa aina hiyo. Riwaya yake The Woodlanders ya mwaka 1887 ina kijana anayepoteza nyumba zake usiku mmoja kwa kuwa mzee fulani amekata roho. Katika Tess, baba akifa jamaa inafukuzwa, na ni kwa kukosa paa kwa mama na wadogo zake kwamba Tess anarudi kwa Alec. Darasani tunaita hilo ajali ya majaliwa. Wakulima wa Dorset wangeliita mkataba uliokwisha. Kwa mtafiti mikataba hii ni ya thamani, kwani mwenye akili alitaja mtoto mchanga kuwa mmoja wa watatu, na umri wake ukaandikwa. Mtoto asiyetajwa naye anauliza swali lake.

Wosia nao unahitaji subira. Kabla ya Januari 1858 ulithibitishwa katika mahakama za kanisa, na wengi huufungua wakitafuta shilingi moja, ile shilingi ambayo baba mwenye hasira aliachia mtoto aliyemkataa. Shilingi ipo mara nyingi. Lakini mara nyingi pia ina maana kwamba mtoto huyo alikwisha kupewa fungu lake alipoolewa au alipoanza shamba lake, na baba anaitaja ili ndugu wasigombane baadaye. Hasira haiwezi kusomwa katika shilingi peke yake.

Kuna kisa kingine cha pale pale kinachofaa kuwekwa kando ya kile cha Betty. Mwaka 1764 Lady Susan Fox-Strangways, wa jamaa ya wenye ardhi wakubwa wa Melbury, alitoroka na kuolewa na mwigizaji wa jukwaa, William O'Brien. Uingereza ya mabwana ilishtuka. Hata hivyo wawili hao walimalizia maisha yao Stinsford, wakazikwa kanisani pale, wakawekewa kumbukumbu ukutani, na babu yake Hardy ndiye aliyejenga kaburi lao. Hardy aliipenda habari yao akaitungia shairi. Binti wawili, wote wameolewa bila ridhaa ya baba, wote na mtu wa chini yao. Mmoja yuko ukutani kanisani, mwingine yuko katika mambo ya msimamizi wa masikini. Nadhani hakuna mhadhara juu ya tabaka katika riwaya za karne ya 19 unaosema zaidi ya hapo.

Siri nyingine hazikuhusu mimba. Mama wa baba yake Hardy alikulia yatima Fawley, katika jimbo la Berkshire, na kumbukumbu za huko zilimuuma hata hakutaka kurudi. Mjukuu alilichukua jina la kijiji akampa Jude, shujaa wake wa mwaka 1895, liwe jina la ukoo. Kulikuwa pia na ndoa zilizokatazwa. Kuanzia 1835 mpaka 1907, mwanamume wa Uingereza hakuweza kisheria kumwoa dada wa mke wake aliyefariki. Ndoa hiyo ilikuwa batili na watoto wake wa haramu. Vijijini watu waliifunga hata hivyo, wakienda mji wa mbali wasikojulikana, na ndiyo maana ndoa inayotafutwa kijijini kwa miaka inaonekana siku moja Bristol au London. Karibu na mwisho wa riwaya Tess anamwomba Angel amwoe mdogo wake, naye anasema kwamba kwao watu hufanya hivyo. Wengi wetu tukiusoma mlango ule hatuoni tatizo lolote, maana katika jamaa nyingi za kwetu ndugu wa marehemu ndiye anayetazamiwa kwanza. Msomaji wa 1891 aliona jambo lililo nje ya sheria likisemwa kwa sauti ya upole na mtu anayekwenda kunyongwa.

Na kuna mtoto wa bibi. Msichana anazaa, wazazi wake wanamlea mtoto kama wao, na sensa inaandika "mwana" kando ya mama wa miaka 50 ambaye mtoto wake wa kabla ya huyo ana miaka 14. Pengo hilo ndilo la kutazama. Kwetu mtoto kumwita bibi yake mama si siri ya mtu. Kwao neno moja katika sensa liliweza kumficha mtu kwa ndugu zake mpaka kufa.

Tatizo lililo gumu kuliko yote linabaki: tufanye nini pale ambapo kuna mnong'ono lakini hakuna hati? Hardy alijitahidi kututia katika hali hiyo. Alichoma karatasi zake nyingi katika bustani ya nyumba yake ya Max Gate, na baada ya kifo chake tarehe 11 Januari 1928 nyingine zikachomwa pia. Palipo na majivu, watu hujaza. Moyo wake ulizikwa Stinsford na majivu yake Westminster Abbey, na punde ikaenea habari, ambayo bado inasimuliwa kwa raha, kwamba moyo uliliwa na paka.

Habari ya paka haimdhuru mtu. Ile ya Tryphena Sparks ni tofauti. Tryphena alikuwa binamu yake Hardy, mzaliwa wa Puddletown mwaka 1851, na inakubalika kwamba waliwahi kupendana. Mwaka 1966 Lois Deacon na Terry Coleman walitoa kitabu, Providence and Mr Hardy, kilichodai kwamba wawili hao walipata mtoto wa kiume, na kwamba Tryphena hakuwa binamu bali mpwa wa Hardy. Nguzo kubwa ya dai la mtoto ilikuwa maneno ya binti wa Tryphena, aliyekuwa mzee sana, alipoonyeshwa picha ya mvulana katika albamu ya jamaa na kuulizwa ni nani. Magazeti yalifurahi. Kwa miaka kadhaa kila shairi la huzuni la Hardy lilisomwa kama barua kwa mtoto huyo.

Waandishi wa maisha ya Hardy waliofuata, Robert Gittings na Michael Millgate, waliipima nguzo hiyo wakaiona haibebi. Mashahidi wa mimba hakuna, daftari halimtaji mtoto, na aliyetoa ushahidi alizaliwa baada ya mambo yanayodaiwa na aliulizwa akiwa karibu na mwisho wa maisha yake. Wenye kumtetea Deacon walijibu kwamba kutoandikishwa si ushahidi, na hapo walikuwa na haki kidogo: mpaka mwaka 1875 wazazi hawakuwa na adhabu ya wazi kwa kutoandikisha kizazi, na watoto kadhaa wa miaka ya 1860 hawamo katika vitabu vya serikali. Lakini hoja hiyo inafungua mlango kwa kila mtu. Kama ukimya wa rejista wathibitisha mtoto, basi kila msichana wa Dorset alizaa.

Njia iliyobaki ni kuweka upande yale ambayo hati zinasema waziwazi, na juu ya Tryphena zinasema vya kutosha. Alikuwa mwalimu mwanafunzi angali msichana. Mwaka 1870 aliingia chuo cha ualimu cha Stockwell, London, mahali ambapo tabia ya msichana ilichunguzwa kabla ya masomo yake. Mwaka 1872 alipewa uongozi wa shule ya wasichana Plymouth, akiwa hata hajatimiza miaka 22. Aliolewa mwaka 1877, akazaa watoto, akafa Machi 1890, siku chache kabla ya kutimiza miaka 39, na kaburi lake liko Topsham, huko Devon. Mwaka huo huo Hardy alikwenda kulitazama.